Modemu ya Marehemu

Fundi wa kampuni ya intaneti alipomaliza kutoboa ukuta na kupitisha waya wa faiba, aliomba maji ya kunywa, akajipangusa vumbi la saruji mikononi, kisha akatamka neno lililomweka nyumbani kwetu mpaka adhuhuri: "Mama, sasa nakuwekea modemu."

"Modemu ninayo," Mama Mkubwa akamjibu.

Alikuwa nayo kweli. Nyumba yetu iko Chuda, Tanga, na ni nyumba ambayo kitu kikishanunuliwa hakitoki mpaka kioze chenyewe. Chumba cha mbele, ambacho marehemu Baba Mkubwa alikigeuza ofisi alipostaafu, hakijaguswa ila kwa ufagio. Kuna meza ya mvule, kiti cha kuzunguka kisichozunguka, kompyuta ya Pentium III iliyokuwa nyeupe ikageuka njano, skrini yake ya chogo, na pembeni kiboksi cheusi chenye mstari wa taa ndogo nyekundu, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Fundi akakifunua kitambaa, akakitazama kile kiboksi, akakirudishia kitambaa chake kwa adabu.

"Mama, hii ni ya kupiga simu. Ya zamani sana."

"Hata mimi ni wa zamani sana. Mbona umeniamkia shikamoo, hujasema nibadilishwe?"

Ikabidi nimkalishe nimweleze. Kile kiboksi kilikuwa kikigeuza maneno ya kompyuta kuwa sauti, sauti ikapita kwenye waya wa shaba wa simu, na upande wa pili modemu nyingine ikaigeuza tena kuwa maneno. Waya wa shaba wenyewe ulishakatwa nguzoni zamani, na sasa kinachopita ni mwanga ndani ya uzi wa kioo. Mama Mkubwa akasikiliza mpaka mwisho, akakubali modemu mpya ikae sebuleni, kwa muda.

Mpaka alasiri kila simu ya nyumba ile ilikuwa imeshika waifai. Shemeji, mume wa dada yangu, ambaye ana kibanda cha kutengeneza simu, akaleta printa ya leza aliyoipata kwa bei ya kuelewana, akaiunga kwenye ruta, akatoa karatasi ya majaribio. Hapo Mama Mkubwa akainuka mkekani. Yeye ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa mtaani: upatu, michango ya misiba, masufuria ya kukodisha, nani kalipa, nani kaahidi, nani siku hizi anapitia mtaa wa nyuma asionekane. Hesabu zote hizo ziko kwenye Excel ya kompyuta ya marehemu, tangu zama ambazo utepe wa printa ya nukta ulikuwa ukipatikana madukani. Utepe ulipoadimika akawa anasoma kwenye skrini na kunakili kwa mkono. Sasa kaona karatasi inatoka bila kelele, herufi nyeusi tii.

"Na kompyuta ya baba yenu nayo ichape humo," akasema.

Flashi ingemaliza mambo palepale. Lakini flashi ilishaharibu jina nyumbani kwetu. Iliwahi kupelekwa steshenari kuchapisha kadi za harusi, ikarudi na kirusi kilichogeuza kila folda kuwa njia ya mkato, na Mama Mkubwa akakesha akiamini upatu wa mtaa mzima umepotea. Tangu hapo flashi haivuki kizingiti cha chumba cha mbele, na mimi sioni kwamba amekosea.

Kwenye droo ya Shemeji kulikuwa na kijiti cha waifai cha USB cha kiwango cha 802.11g, kile kilichotoka mwaka 2003 kikiwa na kasi ya megabiti 54 kwa sekunde, kasi iliyoandikwa kwenye boksi na isiyowahi kuonekana na mtu. Akakichomeka. Windows XP ikakitambua, ikauona mtandao wetu, ikaomba neno la siri. Shemeji akaandika lile lililobandikwa chini ya ruta. Kompyuta ikakataa kwa Kiingereza kirefu, ambacho Mjomba alikisoma kwa sauti ya risala: neno la siri lazima liwe la biti 40 au 104, yaani herufi 5 au 13.

Mjomba ni mdogo wake Mama Mkubwa. Alikuwa fundi redio, na kwa kuwa aliwahi kufufua redio nyingi za watu, haamini kwamba kuna chombo kinachoweza kumkatalia bila sababu ya maana.

"Hilo si kosa," akasema. "Hapo inatuonyesha njia. Marehemu aliweka neno lake, na mtu mwenye akili zake haliachi neno mbali na chombo."

Akainua kitambaa cha kufuma. Juu ya modemu palikuwa na kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa selotepu iliyokauka, mwandiko wa Baba Mkubwa, wino wa buluu: ATX3M0.

"Sita," Shemeji akahesabu. "Inataka tano au kumi na tatu."

"Basi hiyo ni nusu," Mjomba akasema. "Nusu nyingine ilikuwa kichwani mwake."

Jioni ile ikaisha wakiitafuta nusu ya pili. Wakajaribu jina la Mama Mkubwa, wakajaribu namba ya sanduku la posta, wakajaribu mwaka wa ndoa, ambao Mama Mkubwa na Mjomba waliutaja tofauti na hakuna aliyerudi nyuma. Walipotaka kuunga jina la marehemu na zile herufi, mwenye nyumba akapiga marufuku; hakutaka jina la mumewe liandikwe pamoja na eksi tatu, hata kama ni kompyuta.

Hakukuwa na nusu yoyote. Kile kijiti na ile Windows vilikuwa vimebaki kwenye usalama wa waifai wa kizazi chao. Waifai ilipoanza kinga yake iliitwa WEP, na ndiyo inayodai herufi 5 au 13. Mwaka 2001 wataalamu walionyesha wazi kwamba inavunjika, ikaletwa WPA mwaka 2003 kuziba pengo, kisha WPA2 mwaka 2004, ambayo kuanzia Machi 2006 ikawa lazima kwa kifaa chochote kinachotaka cheti cha Wi-Fi. Kompyuta ya marehemu iliachwa kwenye toleo la XP ambalo haliijui WPA2 mpaka ulipatie kiraka. Ikiukuta mtandao wa WPA2 inaudhania wa WEP, ndiyo maana ikaanza kuhesabu herufi. Kiraka kingepatikana, draiva ya kile kijiti isingekubali. Nikayasema hayo. Mjomba akanijibu kwamba vijana siku hizi tunakimbilia kusema kitu ni cha zamani kabla ya kukijaribu vizuri.

Shemeji hakubishana na yeyote. Usiku, watu wamelala, akafungua 192.168.1.1 kwenye simu yake, akaingia kwenye mipangilio ya ruta, akaishusha kinga ya nyumba nzima mpaka WPA ya zamani yenye TKIP, akazima ile waifai ya pili ya gigahezi 5 akidhani inawachanganya. Asubuhi kijiti kikashika. Mama Mkubwa akachapa ukurasa mmoja wa wachangiaji, akaushika juu kuelekea dirishani, akamwita Shemeji "mwanangu" mbele za watu, naye akanywa chai na maandazi kwa utulivu wa mtu aliyeoa vizuri.

Malipo ya sherehe hiyo yaliwaangukia wengine wote. Kanuni za waifai mpya haziruhusu kasi zake kubwa zipite chini ya TKIP. Ukichagua TKIP unarudi kwenye zile megabiti 54 za 2003, na ukitoa mazungumzo ya vifaa vyenyewe unabaki na chini ya nusu yake, tena mgawane. Faiba tuliyokuwa tukiilipia ilifika mpaka ukutani sebuleni ikaishia hapo. Simu ya mjukuu mkubwa ikaandika kwamba usalama wa mtandao huu ni hafifu, yeye akadhani ni mambo ya wezi wa mtaani, akafunga madirisha. Watoto waliokuwa wakitazama katuni wakachoka kungoja duara lizunguke, wakatoka wenyewe kwenda kucheza uani kwenye gari bovu, jambo ambalo mama yao alilipokea kwa shukrani bila kuuliza sababu.

Ikaja Jumamosi ya Simba na Yanga. Televisheni ilikuwa imeungwa mtandaoni, sebule imejaa, Mjomba kavaa jezi, na mchezaji anakwenda kupiga mpira wa adhabu. Picha ikaganda mguu ukiwa hewani. Tukiwa tunautazama mguu ule, nyumba ya jirani ikalipuka kwa kelele, na ya pili yake, na ya ng'ambo ya barabara. Mjomba hakujua ashangilie au alie. Akatoka nje kuuliza, akarudi amenuna, na picha ikaendelea kumwonyesha bao ambalo alishasimuliwa.

Akiwa mlangoni akaona mwanga chumba cha mbele. Mama Mkubwa alikuwa anachapa.

"Dada! Wewe ndiye uliyeshika mtandao!"

"Nimeshika hesabu za watu. Mpira umelipia mchango gani?"

Hapo ndipo nilipoiingia ruta mwenyewe. Nikairudisha WPA2, nikaiwasha gigahezi 5, nikabadilisha na neno la siri la kuingilia kwenye mipangilio, lile la kiwandani ambalo kila fundi wa mji huu analijua. Shemeji akasema nimemkosanisha na mkwewe. Ni kweli, na ningerudia. Mtandao wa nyumba ukishushwa ufanane na kifaa kikongwe kuliko vyote, kila aliyemo anashuka nacho, na mlango unabaki wazi kwa jirani mwenye muda wa kuchezea. Kifaa kikongwe kitafutiwe njia yake chenyewe.

Njia ilikuwepo nyuma ya kompyuta. Chini ya utando wa buibui palikuwa na tundu la waya wa mtandao, kadi ya Realtek RTL8139, ile iliyokuwa rahisi kiasi kwamba enzi zake uliikuta karibu kila kompyuta ya kuungaunga. Nikimsikia mtu akisema vya zamani havielewani na vipya, huwa namtajia waya huu. Robert Metcalfe na wenzake waliuanzisha mfumo wa Ethernet kule Xerox, California, mwaka 1973; kiwango cha kuupitisha kwenye waya wa jozi zilizosokotwa, wenye kichwa cha plastiki tunachokijua, kilitoka mwaka 1990; na ruta mpya ya sebuleni, ambayo matundu yake ni ya gigabiti, bado inainama kuongea megabiti 10 au 100 na kadi yoyote inayoomba hivyo. Kijiti cha waifai, kilicho kidogo kwa umri kuliko kadi ile, kilishafungiwa nje. Kadi ilikuwa inasubiri waya tu.

Waya tulinunua wa mita, tukaupitisha juu ya dari. Kufunga vichwa tulikaa ukumbini mimi na Mjomba, yeye kashika tochi ingawa ni mchana. Unachuna ganda la nje kadiri ya ncha ya kidole, zinatoka jozi nne zilizosokotwa, unazifungua na kuzinyoosha kwa kuzivuta kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka zilale sawa. Kisha unazipanga: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Mjomba alizisoma kwa sauti, akasimama kwenye kijani.

"Hii umeitenga na mwenzake. Umeweka buluu katikati."

"Ndivyo zinavyokaa, Mjomba. Ya tatu na ya sita ni jozi moja."

"Na kazi zinafanya ngapi?"

"Kwa kadi hii, nne. Ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya sita."

"Nne nyingine tumezinunulia nini?"

Nikakata ncha zote sawa kwa koleo, nikazisukuma ndani ya kichwa mpaka zikaonekana shaba zake nane zimegusa mbele, nikakaza. Mjomba akakigeuza kile kichwa kwenye mwanga wa tochi, na kwa mara ya kwanza tangu faiba iingie akakubali kwamba kuna kitu kimefanywa vizuri.

Taa ya kijani ikawaka nyuma ya kompyuta. Baba Mkubwa aliinunua mnadani ofisi yake ilipokuwa ikibadilisha vifaa, na ndani bado ilikuwa na anwani ya ofisi, inayoanza na 10, wakati nyumba yetu inaanza na 192.168. Kwa mpangilio huo ingekaa na taa yake ya kijani mpaka kiama bila kumfikia mtu. Nikaipa anwani ya hapa nyumbani, ya kudumu, na pale panapoulizwa lango la kutokea nikaacha wazi kwa makusudi. Microsoft iliacha kuipa XP viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kompyuta ya namna hiyo haina safari ya nje. Iione printa, iishie hapo. Printa yenyewe ilikuwa inafahamu PCL, lugha ya uchapaji ya Hewlett-Packard ya tangu miaka ya 1980, kwa hiyo draiva kongwe ya leza iliyomo ndani ya XP ilitosha. Nikaielekeza kwenye anwani ya printa, bandari 9100. Nikajaribu kuiita printa, ikaitika mara zote.

Mama Mkubwa akabonyeza kuchapa. Printa ikavuta karatasi, ikafikiri, ikaitema ikiwa na majina kuanzia A mpaka M na chini yake weupe mtupu.

"Mwanahamisi wa mwisho," akasoma. "Mwanaidi yuko wapi? Mwanaidi ndiye ninayemdai."

Waya unapoitika wito mfupi lakini ukasakamwa na mzigo, mimi huwa natazama kitu kimoja kwanza. Kadi na ruta zinapokutana hupatana zenyewe: kasi ipi, na je, kila upande unaweza kusema na kusikia kwa wakati mmoja, au ni kwa zamu. Lakini upande mmoja ukiwa umefungwa kwa nguvu na mtu, unaacha kujadiliana. Wa pili unaweza kuhisi kasi kutoka kwenye waya, ila suala la zamu hauwezi kulijua, na kanuni inauambia udhanie zamu. Hapo wamekuwa askari wawili kwenye simu ya upepo, mmoja anangoja aambiwe "ova" na mwenzake hajui kwamba kuna "ova", anasema mfululizo juu ya maneno ya mwenziwe. Salamu fupi zitapita. Hotuba haitapita.

Nikafungua orodha ya vifaa vya kompyuta, nikaingia kwenye kadi, mipangilio ya ndani, na kweli: mtu wa ile ofisi aliifunga kwenye megabiti 100 za kusema na kusikia pamoja. Pengine kule palikuwa na sababu yake. Nikaiachia ijadiliane yenyewe. Karatasi iliyofuata ikatoka mpaka Zuhura, na Mwanaidi yumo na deni lake.

Ningefunga orodha ile hapo na nyumba ingekuwa na amani mpaka leo. Lakini chini ya kadi za mtandao kulikuwa na tawi la modemu, na Mjomba alikuwa amesimama nyuma ya bega langu.

"Fungua na hiyo, tuone neno lake la siri."

Nikaifungua. Kwenye sehemu ya amri za nyongeza za kuanzishia palikuwa pameandikwa X3M0.

Modemu za simu, karibu zote, zilizungumza lugha iliyoletwa na kampuni ya Hayes kwenye Smartmodem yake ya mwaka 1981. Kila amri inaanza na AT, ya kuiita modemu iwe makini. ATDT ni piga namba hii. ATH ni kata simu. X3 ni kuiambia isisubiri mlio wa laini kabla ya kupiga. Modemu nyingi zilitengenezwa zikijua mlio wa nchi nyingine, zikisikia wa kwetu zinadai hakuna laini, na mtu wa Tanga aliyetaka kuingia mtandaoni ilimbidi aijue X3 au ampate anayeijua.

"Na M0?" Mjomba akauliza.

"M ni spika. Sifuri ni izime."

Waliowahi kuunga intaneti kwa simu wanaikumbuka ile sauti: kupiga, kuitika, kisha miluzi na mikwaruzo ya modemu mbili zinazopimana, ambayo usiku inasikika mpaka jikoni. Kwa M0 hakuna sauti. Taa tu zinawaka.

Mama Mkubwa akaacha kuhesabu karatasi. "Aliizima ili nini?"

"Ili asikuamshe, labda," nikasema, na hilo nililisema kwa nia njema.

"Asiniamshe saa ngapi?"

Ukurasa mwingine wa mipangilio una kitufe cha kuonyesha kumbukumbu. Kwa kawaida Windows hufuta kumbukumbu ya modemu kila unapopiga upya, ila kuna kisanduku cha kuiambia iongeze tu, isifute, na marehemu, mtu wa mafaili maisha yake yote, alikuwa amekitia alama. Mjomba alikibonyeza kile kitufe yeye mwenyewe. Faili likafunguka, likateremka, likaendelea kuteremka. Mwaka 2003. Kila mstari una tarehe, saa, dakika na sekunde. Modemu inaanzishwa. Inapiga, ATDT na badala ya namba alama za reli tupu, maana Windows huzificha tarakimu. Imeunganishwa, biti 31,200 kwa sekunde. Saa 23:52. Saa 00:14. Saa 01:30.

"Saa saba na nusu za usiku," Mjomba akatafsiri taratibu. "Saa sita na robo kasoro dakika. Dada, unaukumbuka mwaka huo?"

Dada aliukumbuka. Mwaka huo bili za simu zilikuja na tarakimu ambazo nyumba ilidhani ni namba ya akaunti. Intaneti ya namna ile ililipiwa kwa dakika, simu ikiwa hewani inahesabu, na bili haikueleza nani kapiga nini. Mjomba alikuwa ndiyo kwanza amehamia chumba cha uani, ana rafiki yake Muscat aliyekuwa akimtaja katika kila mazungumzo, na kikao cha familia kilichokaa ukumbini hakikuhitaji ushahidi zaidi. Aliapa, hakuaminiwa. Baba Mkubwa aliongoza kikao kile kwa busara kubwa, akashauri kijana asifukuzwe ila alipe sehemu. Mjomba akauza baiskeli yake, Phoenix, yenye taa ya dainamo.

"Namba zimefichwa," Mama Mkubwa akajaribu. "Huenda ni Muscat kweli."

"Muscat ungeongea na mtu kwa biti elfu thelathini na moja?" Mjomba sasa alikuwa amekwisha kuwa mtaalamu wa modemu. "Sauti ya binadamu haina hiyo kitu. Mwulize mwanao."

Nikaulizwa, nikasema haina. Pale modemu ilikuwa imeungana na modemu.

Kilichobaki ni kujua alikuwa akifanya nini huko usiku wa manane, na uso wa Mama Mkubwa ulionyesha kwamba alikuwa na majibu yake, yote mabaya. Tukatafuta. Kwenye folda iliyoitwa Barua za Benki hamkuwa na barua hata moja. Mlikuwa na kurasa za mtandao alizozihifadhi, nyingi zikiwa za Kifaransa asichokijua: michoro ya giaboksi, bei za bushi, kabureta iliyofunguliwa vipande vipande kila kipande na namba yake. Peugeot 504. Ile iliyo uani juu ya mawe, ambayo Mama Mkubwa alimwapisha mbele ya mashahidi kwamba hataitia senti nyingine.

Alicheka kwanza, kwa muda mrefu, akijifuta macho kwa upindo wa kanga. Halafu akakasirika. Mjomba akangoja hatua zote mbili zipite, ndipo akatoa hoja yake, ambayo naamini alikuwa akiipanga tangu 23:52.

"Deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi. Hilo halina mjadala. Mimi namdai baiskeli."

"Utapewa bei yake."

"Bei ya leo. Na faida ya miaka yote hii."

"Riba ni haramu," Mama Mkubwa akasema, "na wewe ulishahiji."

Wakaenda hivyo mpaka magharibi, wakaitana tena baada ya isha, Shemeji akiwa shahidi maana alihitaji kurudi kwenye neema. Taslimu haikupatikana, ya chama haiguswi. Mwisho Mama Mkubwa akarudi kwenye kompyuta, akafungua ukurasa mpya kwenye Excel, akaandika hati ya makabidhiano kwa lugha ya kikarani, nakala mbili, akazichapa. Zilitoka zote kamili mpaka mstari wa sahihi. Kwa hati hiyo Mjomba amelipwa baiskeli, taa ya dainamo ikiwemo, kwa kupewa gari moja aina ya Peugeot 504, lisilo na injini, pamoja na mawe yake.

Watoto wamefukuzwa kwenye gari. Mjomba amelifunika turubai, na jioni hukaa pale uani karibu na dirisha la sebule, ambako waifai inafika vizuri, akiniita kila baada ya muda nimsomee Kifaransa.